Mguu Alioukanda Mama

Umoja, Alhamisi. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, nguo za jengo zima zimegoma kukauka, na mimi nimejilaza kwenye kochi, mguu juu ya mito miwili kama mgeni wa heshima.

Sitacheza Jumamosi ya wiki ijayo.

Nimeandika ili niache kuzungukazunguka. Hiyo ndiyo mechi ya kuamua kama timu yetu ya taifa itafuzu au tutawatazama wenzetu kwenye televisheni. Miaka miwili nimekalia benchi nikiwashikia wengine chupa za maji. Mwezi huu kocha akaniamini, akanipa nafasi ya beki wa kushoto. Tulicheza mechi mbili ndani ya siku nne. Ya kwanza ilikuwa ugenini, kwenye joto la kukausha mate, na tukafungwa. Ya pili, Jumapili, tulishinda nyumbani, lakini dakika za mwisho mshambuliaji wao alinigonga kwa goti katikati ya paja la kulia. Nilimaliza mechi nikichechemea.

Daktari wa timu alinipa maagizo ambayo hata mtoto angeyashika: niweke barafu, nipumzike, na mtu yeyote asinikande.

Niliyashika mpaka mlangoni kwetu.

Mama alikuwa ameshabandika maji. Katika jengo hili hakuna asiyemjua. Watoto walioteguka huletwa kwake kutoka ghorofa zote, naye huwakanda kwa taulo la maji moto na chumvi huku akiimba nyimbo za kanisani kwa Kiluhya, sauti juu, ili vilio vyao visisikike kwa majirani. Miguu yangu ameikanda tangu nikicheza peku kwenye uwanja wa vumbi wa shule ya msingi. Sijawahi kwenda safari ya mpira kabla hajaipitisha mikononi mwake.

"Leta huo mguu, Kukhu," akasema. Ananiita nyanya kwa sababu nina jina la mama yake.

Nikauleta.

Ningemwambiaje? Alikuwa ametoka kanisani mbio ili awahi kunitazama nikicheza. Siku za kazi husimama kiwandani kutwa nzima, na bado akifika nyumbani hukaa sakafuni kunikanda kabla hajanywa hata chai. Lakini nikisema nilinyamaza kwa huruma peke yake nitakuwa najidanganya. Ukweli ni kwamba niliiamini mikono yake kuliko maneno ya daktari. Nilitaka kupona haraka, na mikono hiyo haikuwahi kuniangusha.

Jumapili, Jumatatu, Jumanne, jana. Kila jioni nilikuwa nauma mto. "Jikaze kisabuni," Mama ananiambia, "uchungu unatoka." Kila asubuhi paja limeongezeka. Jana suruali ya mazoezi ilikataa kabisa kupanda.

Leo daktari aliligusa kidogo tu, akaacha.

"Nani amekanda huu mguu?"

"Ni mimi mwenyewe."

Akaitazama mikono yangu, akanitazama usoni. Akaniambia damu imevilia ndani ya msuli, na ule moto na kule kukandwa vimezidisha kuvuja. Ni wiki sita, Mungu akipenda. Alimpigia kocha simu nikiwa nimekaa pale pale.

Niliporudi, fundi wa viatu wa hapo getini akaniita, "Niaje beki, Jumamosi ile ingine tunawanyorosha?" Nikamwambia tutawanyorosha. Huo ulikuwa uongo wa pili, na saa sita ya mchana ilikuwa haijafika.

Jioni Mama aliingia ameloa mabega, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria. Nikasikia gesi ikiwaka.

"Mama, daktari alikataza mguu ukandwe."

"Leo?"

"Jumapili."

Akazima gesi.

"Nilipokuwa nakukanda, ulikuwa unaumia vibaya?"

"Ndiyo."

"Na ukaniacha tu niendelee."

Nilitegemea anigombeze, maana kugombezwa nimezoea. Hakunigombeza. Nilimwambia juu ya wiki sita, akatikisa kichwa, akajifunika leso na kutoka kwenye mvua. Hapo ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Sikulilia mechi.

Alirudi na mfuko. Friji yetu haigandishi, kwa hiyo alikuwa ameenda dukani kwa Mama Ciku akanunua barafu za watoto za kunyonya, zile za vifuko vya plastiki, nyekundu na kijani. Akazifunga ndani ya leso.

"Nionyeshe vile wanaweka."

Nikamwonyesha. Akaziweka juu ya paja, halafu akauondoa mkono haraka. Mikono ile haikuwahi kuniogopa. Nimeumia kuiona ikiogopa kuliko nilivyoumia kwa lile goti.

"Hapo inauma?"

"Hapana."

Akanitazama, akangoja.

"Inauma, Mama."

"Sawa." Akazisogeza kidogo. "Na daktari alijua ni nani alikanda?"

"Nilimwambia ni mimi."

"Nimewapigia simu kazini, nimeomba ruhusa ya kesho. Tutaenda sisi wawili, nimwambie mwenyewe, na anifundishe."

Sasa yuko pembeni yangu, viatu bado viko miguuni, amelala akiwa ameketi. Barafu zimeyeyuka na kuvuja, na leso ina madoa mekundu. Mkono wake uko juu ya goti langu, mwepesi, haukandi.

Nimeuacha hapo. Mkono huu, kweli, hauniumizi.