Hatua za Saa Saba Kibanjani

Kituoni, Bukoba
3 Machi 2025

Tata waitu,

Shikamoo. Habari za Kamachumu, na kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, ila chakula cha hapa, ah, ndizi wanazipika kama wanatuadhibu! Simu wamezichukua mpaka majaribio yaishe, kwa hiyo barua atazibeba Ayubu anayetuletea mikungu kutoka huko.

Kazi yangu ni kupima ule waya wa kioo uliofukiwa kibanjani kwetu, kando ya migomba na mibuni yako. Unapeleka mwanga hadi mnara wa hapo Kamachumu, na mnara unaurusha kwa leza juu ya ziwa hadi kisiwani, jeshi liongee bila kusikilizwa. Sasa waya huu una masikio. Mtu akikanyaga udongo karibu nao, mwanga unatikisika nami naona kwenye skrini. Kila siku saa saba mchana kuna mtu anapita kibanjani. Hatua moja nzito, ya pili inaburutwa, kisha anapumzika. Umeajiri kibarua? Mwambie asilime hapo.

Mwanao,
Kemilembe

Kamachumu
8 Machi

Mwanangu Kemilembe,

Marahaba. Kifua kimetulia. Hizo ndizi zivumilie tu.

Sijaajiri mtu. Juzi na jana nimekaa mlangoni saa saba, sikuona hata kuku. Lakini hatua ulizoandika nazijua, na wewe unazijua, usijifanye umesahau. Nani mwingine nyumba hii aliburuta mguu kama mama yako?

Tena nina la kuungama. Wachimbaji wa mtaro wa huo waya wenu walitaka kung'oa mibuni yangu minne, nikawaka. Nikawaambia waupitishe pembeni, miguuni pa kaburi lake. Kwa ajili ya mibuni, mwanangu! Naona aibu.

Tata yako

Kituoni
11 Machi

Tata waitu,

Shikamoo. Umekula? Barua yako imeninyima usingizi. Nimebadilisha mashine, nimesafisha viungio vyote, nimemwomba mwenzangu Faruku apime bila kumwambia kitu. Akatazama, akaniuliza, "Huyu mgonjwa ni nani?"

Kuna jambo sikukwambia. Mwanzoni hatua ziliishia kwenye mibuni. Jana zilifika uani. Leo zimesimama mbele ya mlango dakika ishirini, na najua saa hiyo wewe hukaa hapo hapo. Naogopa, Tata. Nenda Muleba kwa shangazi Renatha, usingoje kesho. Nimeomba ruhusa nije, mkuu amekataa mpaka Ijumaa.

Mwanao

Kamachumu
12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimekula, tena nimeshiba. Muleba siendi.

Siku aliyofariki mama yako aliniomba nisiende chama cha ushirika kupeleka kahawa. Nikamwambia anadeka. Akanifuata mpaka njiani, na mguu wake ule, akiniita. Nilimsikia, Kemilembe. Sikugeuka. Niliporudi nilimkuta ameanguka kwenye mibuni, amekwisha kupoa. Wewe nilikwambia alifia kitandani. Mwaka mzima nimeishi na jambo hili peke yangu.

Kwa hiyo usinihofie. Simwogopi mke wangu, namwonea haya. Kesho saa saba nitasimama, nimshike mkono, nimsindikize anakotaka. Safari hii akiniita nitaitika.

Tata yako

Kituoni
13 Machi, saa nane mchana

Tata,

Shikamoo. Shikamoo, Tata wangu, niitikie.

Barua yako nimeipata sasa hivi, imeshachelewa. Saa saba kamili hatua zilikuja mlangoni. Zilipoondoka hazikuwa za mtu mmoja. Faruku amehesabu mara mbili, ni watu wawili, wanakwenda sambamba taratibu kuelekea kaburini, na ule mguu hauburutwi tena. Miguuni pa kaburi zote zikakatika. Nimekaa hapa saa nzima. Hakuna aliyerudi nyumbani.

Nimelia getini, nimetukana, hawanifungulii. Ayubu ameniahidi ataikimbiza barua hii. Sikulaumu kwa yale ya mama, unanisikia? Nimekusamehe, na nina hakika naye amekusamehe. Usinijibu kwa karatasi, itachukua muda. Ukiisoma tu, toka nje, simama mbele ya mlango, kanyaga chini kwa nguvu mara tatu. Niko mbele ya skrini, siondoki.

Mwanao,
Kemilembe