Kambale Saba wa Ijumaa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Gendarmerie, Lubumbashi, Mkoa wa Shaba
Tarehe 22 Oktoba 1982, saa tatu asubuhi

Majina: Nkandu wa Mwape (jina la ubatizo, ambalo halimo katika kitambulisho: Simone)
Umri: miaka 24
Kazi: mshonaji wa nguo za watoto, nyumbani
Makao: Zone ya Katuba
Masomo: darasa la sita

Kwanza naomba radhi kwa kuchelewa. Mama Hortense Kunda amelala katika chumba chenu cha mahabusu siku kumi na tatu, na mimi ni mmoja wa watu waliomleta humo. Siku kumi na moja za kwanza sikujua. Siku mbili za mwisho nilijua, nikanyamaza. Mtoto wangu alikuwa anashikwa na degedege, hiyo ni kweli, lakini siyo sababu yote. Niliogopa. Mtu nitakayemtaja ndiye aliyembeba mtoto huyo siku ya ubatizo.

Anaitwa Kalaba Émile. Anatoka kijiji kimoja na mume wangu Mwape, sisi tunamwita Yaya, yaani kaka mkubwa. Anafanya kazi katika maabara ya kiwanda cha kuyeyusha shaba. Anakaa Makomeno, nyumba ya kampuni, pamoja na mke wake Madeleine. Ni yeye aliyemtafutia mume wangu kazi.

Mnamo tarehe 20 Agosti 1982, siku ya Ijumaa, saa kumi na moja jioni, Yaya Émile alipita kwetu. Tulikuwa tunakula bukari, yaani ugali, na kambale. Kambale nilinunua kwa Mama Hortense. Yeye huwapata kwa wavuvi wa mto mdogo unaopita chini ya bwawa la machafu ya kiwanda. Wakati wa kiangazi maji yanapungua, hata mtu asiye na wavu anamshika kambale kwa mikono. Tulimwambia Yaya anawe, akasema ameshiba. Kisha akaniuliza:

"Huyu kambale, Mama Chanda, unamupata wapi?"

Nikamweleza.

"Basi kila Ijumaa unitafutie moja. Mubichi. Lakini usimupasue, unipe na matumbo yote."

Mume wangu alicheka. "Yaya, na bukubwa yote ya Makomeno, ungali unakula matumbo?"

"Bukubwa haiondoe njala ya kwetu," akajibu. Siku hiyo hiyo alichukua mmoja aliyekuwa bado kwenye beseni.

Tangu hapo alipita kila Ijumaa hadi tarehe 1 Oktoba. Kambale ni saba. Kila mmoja nilimfunga mdomo kwa kipande cha kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, mabaki ya gauni nililomshonea mtoto wangu Chanda. Hakuna aliyeniomba kufunga. Nilifunga ili ipendeze, kwa sababu ni parrain, baba wa ubatizo wa mtoto. Yule mkubwa kuliko wote nilimwekea yeye. Wadogo tulibaki nao. Maini nilimpa Chanda. Ana miaka miwili, nilikuwa nimemwachisha ziwa, na maini ni laini.

Mnamo tarehe 10 Septemba Yaya Émile alinikuta ninamlisha. Alisimama mlangoni.

"Ni maini hiyo?"

"Ndiyo, njo maini, parrain. Kuja uonje."

Alitazama saa yake, akachukua kambale wake, akaenda. Nilidhani ana haraka.

Mwisho wa Septemba Chanda alianza kulia tumbo. Alitapika. Fizi zikawa nyeupe. Alikuwa anakimbia hadi kwa jirani, sasa akifika mlangoni anakaa chini. Kwenye zahanati walimpa dawa ya malaria, kisha dawa ya minyoo. Watoto wengine wawili wa barabara yetu wakawa vile vile.

Mnamo tarehe 8 Oktoba, Ijumaa, Yaya alikuja. Nikamwambia leo hakuna kambale, mtoto hajalala siku tatu. Alimwangalia Chanda. Hakumgusa. Akasema:

"Ni buba hii. Hortense anauzisha bantu samaki ya buba. Wende kwa bagendarme, mbele ya batoto kufa."

Buba ni majani ambayo wavuvi wengine huponda na kutia majini ili samaki walewe. Nilimwamini. Yeye ni mtu wa maabara, anajua sumu kwa kazi yake. Kesho yake, tarehe 9, tulikuja hapa akina mama wanne, na mimi ndiye niliyesema neno buba. Mlipomfuata, nasi tukiwa nyuma yenu, Mama Hortense alikuwa anageuza samaki juu ya moshi. Alinitazama mimi peke yangu.

"Mama Chanda, hata weye? Hii samaki si minakula na bana yangu kila siku?"

Maneno hayo niliyasikia vizuri. Sikuyapa nafasi.

Mnamo tarehe 20 Oktoba, Jumatano, saa nne asubuhi, nilimbeba Chanda mpaka kiwandani. Nilitaka Yaya aniandikie barua ya kumwingiza mtoto katika hospitali ya kampuni. Mlinzi ananijua. Alinipitisha, nikakaa ndani ya maabara kwa sababu ya jua, maana Yaya alikuwa kwenye mkutano. Nilikaa karibu nusu saa. Chanda alikuwa amelegea mgongoni. Nikasikia anasema, "Gauni ya Chanda." Nikafikiri ni homa. Akanyoosha mkono, akarudia.

Kwenye rafu kulikuwa na chupa saba. Ndani ya kila chupa kuna ini la samaki katika maji meupe, na shingoni imefungwa kipande cha kitenge cha kijani chenye ndege wa njano. Juu ya kila kitambaa kuna tarehe. Zote ni Ijumaa. Chupa ya nane haikuwa na kitambaa, ilikuwa na karatasi iliyoandikwa Pweto, kule ziwani, mbali na kiwanda.

Chini yake kulikuwa na daftari limefunguliwa. Kifaransa changu ni kidogo, lakini plomb ninajua, ni risasi, madini yenye sumu, na foie ninajua, ni maini. Safu ya maini ilikuwa na namba kubwa kuliko safu nyingine zote. Pale penye Pweto namba zilikuwa ndogo. Ukutani kulikuwa na tangazo lililopigwa kwa mashine, tarehe 30 Agosti. Nililisoma polepole, mara mbili. Linaomba familia za Makomeno zisinunue wala zisile samaki wa mto wa chini ya bwawa. Baada ya tarehe ile, mimi nilimpa kambale watano.

Yaya Émile aliingia.

"Nani alikuingiza humu?"

Nilimuuliza, "Yaya, haukukula hata moja?"

"Hapana."

"Na Madeleine?"

"Madeleine anapikaka samaki ya Pweto."

"Ulinikuta na maini mu mukono."

Alikaa. Alisema, "Kazi yangu ni kupima. Kusema ni kazi ya bakubwa."

"Na kusema buba, ilikuwa kazi ya nani?"

Alisema na yeye ana watoto, na nyumba ni ya kampuni. Alisema atamtafutia Chanda daktari, polepole, bila kelele. "Ila Hortense, umuache. Ni muuza samaki tu."

Nilichukua chupa moja, ya tarehe 10 Septemba, nikaifunga pamoja na mtoto mgongoni. Hakunizuia. Aliniambia tu, "Angalia, itamwangika."

Mume wangu hakutaka nije. Alisema, "Ni yaya yetu." Nikamjibu, "Chanda njo yetu."

Yale niliyosema hapa tarehe 9 Oktoba ninayaondoa. Mama Hortense hakutia kitu katika samaki. Hakujua, kama mimi nilivyokuwa sijui. Aliyejua alikuja kwetu Ijumaa saba, akaambiwa anawe, akakataa kula.

Niliyoyaona kwa macho na niliyoyatenda mwenyewe ni hayo, sikuongeza. Vitu ninavyoomba bado ni hivi. Ukurasa wa daftari lile, wote, upelekwe kwa daktari wa watoto katika hospitali kuu, kwa sababu tangu degedege ianze ndiye anayemtibu Chanda, na bado anamtibu minyoo. Barua ya kuwapokea katika hospitali ya kampuni watoto watatu wa barabara yetu, siyo wangu peke yake. Chupa sita zilizobaki, zichukuliwe kabla hazijaoshwa. Tangazo la Makomeno, liandikwe kwa Kiswahili na libandikwe sokoni Katuba, mahali wanapouzia samaki. Na Mama Hortense mwenyewe, arudishwe nyumbani kwa gari lenu lile lile lililomchukua, mchana, watu wakiwa nje.

(Sahihi) Nkandu wa Mwape

Maandishi ya afisa: Shahidi ameandika mwenyewe mbele yangu, kuanzia saa tatu hadi saa tano na nusu, akiwa na mtoto mgongoni. Nimepokea chupa moja yenye ini la samaki. Kitambaa kilichofungwa shingoni nimekilinganisha na gauni la mtoto. Ni kitenge kimoja. Nimemweleza shahidi kwamba gari la kituo liko safarini Luano, halitarudi kabla ya saa tisa. Amesema saa tisa bado ni mchana. Amekaa kwenye benchi, anangoja.

(Sahihi) Mumba, afisa wa upelelezi