Pikipiki ya Esko Haiwaki

Kiuruvesi,
Finland.
Jumapili, 12 Juni 1994

Mpendwa shemeji Martti,

Habari za huko Mount Isa, Australia? Mgongo wa Aune umepata nafuu? Na wewe kifua chako, bado kinakubana kwa vumbi la mgodini, au kustaafu kumekiponya? Mimi mwili wangu ni mzima. Viazi tumeshapanda, mbu wameshafika, na barafu ya ziwani iliyeyuka mapema Mei. Hizo ndizo habari njema. Nimezitanguliza kwa sababu zinaishia hapo.

Kadi zako mbili nilizipata. Usidhani nimekuwa na kiburi. Kila nilipokaa kukujibu niliandika "Esko hajambo", nikaichana karatasi.

Unamjua ndugu yako na pikipiki. Miaka yote tangu uondoke, kila Mei uwanja wetu ulijaa pikipiki za watu zilizogoma baada ya kulala bandani miezi saba ya baridi. Waliosahau kumaliza mafuta kwenye kabureta kabla ya theluji, Esko aliwatukana kwanza, ndipo akawatengenezea. "Petroli si pombe, haizidi utamu kwa kukaa!" Yake yeye haikugoma hata mwaka mmoja. Kila Oktoba alifunga koki ya tangi, akaiacha injini ingurume mpaka imalize tone la mwisho lililomo kwenye kabureta. Betri aliileta ndani, akailaza chini ya kitanda chetu.

Oktoba iliyopita aliifunika pikipiki blanketi, akaingia ndani, akaomba kahawa. Chini ya kitanda hapakuwa na betri. Nilipomuuliza, akanikaripia, "Nimeshamaliza kila kitu. Usinifundishe kazi!" Nikammiminia kahawa. Shemeji, nilijua. Mwezi huo huo alikuwa ameshaniita mara mbili kwa jina la marehemu mama yenu. Nilijua, nikanyamaza, kama vile jambo lisiposemwa litachoka kungoja mlangoni liende zake.

Mei tukafungua banda. Betri ilikuwa imekufa, tukaazima ya Kauko, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Esko akapiga kiki mpaka shati likalowa. Choki ya kuongezea mafuta ikiwa imevutwa, injini inashika. Akiirudisha tu, inazima. Hapa kwetu hata mimi niokaye mikate najua maana yake: petroli ya mwaka jana imeganda ndani ya kabureta, imeziba jeti, vile vipande vidogo vya shaba ambavyo mafuta hupitia. Esko aliitazama ile mashine kama mtu aliyesalimiwa njiani na asiyemkumbuka.

Kauko hajui kufunga mdomo, akacheka. "Leo daktari mwenyewe kalazwa! Sasa nani atamtukana?"

Esko hakucheka. Akamuuliza taratibu, "Kauko, hivi hii huwa inaanziwa wapi?"

Kauko akanigeukia mimi. Akakiweka kikombe chake chini kikiwa na kahawa nusu, akaenda kwake.

Siku tatu meza ya jikoni ilitandikwa magazeti na vipande vya kabureta. Kufungua, mikono yake ilikumbuka. Kurudisha, haikukumbuka.

"Raili, jeti yangu umeiweka wapi?"

"Sijaigusa, baba Sirpa."

"Muongo! Unataka nionekane mjinga mbele za watu!"

Jeti alikuwa ameifumbata kiganjani. Nilipomfungua vidole kimoja kimoja, alilia. Tuna miaka thelathini na minne ya ndoa, na hata siku ya kumzika baba yenu sikuliona chozi lake.

Nikampeleka kwa daktari, mjini Iisalmi. Alimwuliza tarehe, akamwambia achore saa. Kisha akaniita mimi peke yangu, akanieleza kwamba akili yake inasinyaa, haitarudi, na hakuna dawa ya kuizuia. Akanishauri nimpe kazi ndogo ndogo azipendazo.

Basi nikasema kabureta hii nitaitengeneza mimi. Nikamketisha Esko kando yangu, nikawa namwuliza jambo moja moja, na shemeji wee, alijibu kama zamani.

"Hili tundu nilizibue na nini?"

"Uzi mmoja wa shaba, uutoe kwenye waya wa taa. Usithubutu kutia sindano, utalipanua!"

Nikaloweka, nikapuliza, nikaziinua jeti dirishani mpaka nikaona nukta ya mwanga katika kila moja. Nikakwangua utando wa kijani kwenye bakuli la kabureta, nikahakikisha boya linapanda na kushuka bila kukwama. Tukatia petroli mpya. Kiki ya pili ikawaka. Nikarudisha choki, ikaendelea kunguruma. Esko akanishika mabega, "Fundi Raili! Umenipita!" Tukacheka pale bandani kama watu wasio na ugonjwa nyumbani. Nikaingia ndani kuteleka kahawa tusherehekee.

Nilipotoka, uwanja ulikuwa mtupu.

Tulimtafuta kwa muda wa saa saba, polisi, Kauko na mimi. Kauko ndiye aliyemwona, kwenye njia ya magari ya magogo, mbali kupita Pyhäjärvi. Mafuta yalikuwa yamekwisha. Alikaa kando ya pikipiki bila kofia, kiatu kimoja mguuni, uso umevimba kwa mbu. Alisema anakwenda kwa Martti, mmeahidiana kwenda kuvua samaki. Alikuwa akikutafuta wewe, shemeji. Kesho yake dereva wa basi la shule alikuja kunieleza jinsi Esko alivyomkatia mbele njia panda. Basi lilikuwa na watoto kumi na tisa. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonimaliza.

Nikauficha ufunguo. Kwa siku mbili alipekua nyumba, akapasua mlango wa kabati, akaniita mwizi. Nikataja kuiuza pikipiki, akaketi sakafuni.

Jumatatu, alipokuwa sauna akioga mvuke, niliingia bandani. Nikaifungua kabureta, nikaziziba kwa gundi jeti zote mbili, kubwa na ndogo, yale matundu niliyoyazibua kwa mikono hii. Nikarudisha kila skrubu mahali pake, nikanawa, nikaurudisha ufunguo msumarini.

Sasa kila asubuhi hunywa kahawa, akaenda bandani. Nasikia kiki, moja, mbili, kumi. Kisha hurudi. "Ni petroli ya baridi, Raili. Imeganda. Kesho nitaifungua." Nami humjibu, "Haya, baba Sirpa, kesho." Majirani hawaleti tena pikipiki zao. Huzisukuma kwa miguu mbele ya lango letu, wakiangalia upande wa pili.

Sirpa anasema nimefanya vema. Mimi nikimpelekea Esko taulo la kufutia mikono namkuta amelala na grisi kwenye kucha, najiona kama niliyemfunga mtu kamba, halafu namsaidia kutafuta fundo.

Nina ombi. Ukipiga simu sikukuu ya katikati ya kiangazi, atakueleza habari ya kabureta. Mwambie ni petroli. Mwambie hata Australia huwa hivyo. Usimwambie aipeleke kwa fundi. Na kama una nauli ya kuja, njoo mwaka huu, usingoje mwakani. Jina lako bado analo, ingawa Martti anayemwita ni mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Msalimie sana Aune, na Kalevi na Tuula na watoto wao. Sirpa anawasalimu, Kauko na mkewe Hilkka pia. Mungu akutunzie afya yako na akili yako, shemeji, hasa akili.

Ni mimi, wako katika upendo na dhiki hii,

Raili