Bei ya Duara Namba Moja

Geita,
12 Februari 2024

Baba yangu mpendwa, shikamoo.

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na Mama, na dada yangu Juliana na mumewe Luka na mtoto wao. Mimi sijambo, ila kifua kinanisumbua kwa vumbi la huku. Najua simu haikufai tena tangu masikio yakatae, ndiyo maana nimempa kondakta wa basi bahasha hii akufikishie hapo Maganzo.

Baba, ile kampuni ilituachisha kazi mafundi wote wa kompyuta mwezi wa kumi na mbili. Sasa najitegemea. Sina bosi, lakini kila kazi lazima nitaje bei mwenyewe, na hapo ndipo ninapokwama. Nikitaja ndogo, najuta. Nikitaja kubwa, mteja anaondoka.

Kuna tajiri mmoja anaitwa Edson, ana maduara sita, yale mashimo marefu ya kuchimbia dhahabu, nje ya mji. Mwaka jana watu wake wawili walizimia chini kwa moshi wa pampu ya petroli inayovuta maji. Anataka mtambo wa kuwalinda. Nimemchorea: sensa mbili za kunusa hewa chafu chini ya duara, king'ora juu, taarifa kwenye simu, na mimi kwenda kila mwezi kuzipima, maana vumbi na unyevu huziziba. Nimemwambia milioni nne na laki mbili kufunga kila duara, na laki mbili kila mwezi.

Alicheka. "Enock, unaniuzia mtambo au unaniuzia mgodi? Kuna kijana Mwanza atafunga kwa milioni mbili."

Nimemwomba wiki mbili. Wewe umebishana na mabroka wa almasi miaka thelathini. Nifanyeje?

Mwanao,
Enock


Maganzo,
20 Februari 2024

Ng'wana wane, mwanangu Enock,

Marahaba. Sisi tunaendelea vizuri. Mama yako mguu umepoa. Luka bado anachekecha mchanga pamoja nami, ila almasi imetukimbia. Tangu Krismasi tumepata vipande viwili vya ukubwa wa punje ya mtama.

Umenifurahisha kuniuliza. Kwanza, huyo kijana wa Mwanza huenda hayupo. Broka naye huwa ana mtu wake Shinyanga anayeuza rahisi, na mtu huyo hajawahi kuonekana. Pili, usimpigie simu. Kaa kimya mpaka apige yeye. Anayepiga ndiye mwenye shida, na mwenye shida ndiye anayeongeza.

Tatu, na hili ulishike. Akikushusha bei, nawe punguza mzigo. Ukimpa vitu vilevile kwa bei ya chini, ataona ile bei ya kwanza ilikuwa uongo. Mwambie, kwa pesa hiyo unapata hiki na hiki, kile natoa. Akiumia kukikosa, atalipa.

Kula vizuri. Kifua usikidharau.

Baba yako,
Maduhu


Geita,
9 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Habari za nyumbani? Mimi nashukuru, kifua kimepungua.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilikaa kimya siku kumi na moja, na kweli akapiga yeye. Alianza na milioni mbili. Tumemalizana kwa mbili na laki sita, na mzigo nimeupunguza mbele yake. Sensa mbili nimefanya moja. Mtambo utafungwa duara namba moja peke yake, mengine matano hataki. Na safari za kupima kila mwezi nimeziondoa kabisa. Nikamwambia, "Sensa isipopimwa, baada ya miezi mitatu au minne inakuwa kiziwi." Akasema vijana wake wataifuta kwa kitambaa. Nikaandika kwenye mkataba, upimaji ni juu ya mteja. Alitia saini hata bila kusoma.

Nilidhani ataumia kukosa hivyo vitu. Hakuumia, Baba. Lakini kodi ya chumba nimelipa, na king'ora tulipokijaribu kililia mpaka watu wa kwenye karasha la kusagia mawe wakakimbia.

Namtumia Mama kitenge.

Mwanao,
Enock


Maganzo,
2 Aprili 2024

Enock mwanangu,

Marahaba. Kitenge kimefika na Mama yako amekivaa kanisani. Hongera kwa kazi. Nimewaambia watu wote wa hapa kwamba mwanangu ndiye anayelinda watu wa chini huko Geita.

Luka anakuja huko. Amechoka kuchekecha bila kupata kitu, na Juliana ana mimba ya pili. Alitaka kwenda machimbo mengine mbali zaidi, nikamkatalia. Nikamwambia, kama ni kuingia chini, ingia kwa Edson, kule kuna mtambo wa shemeji yako. Juliana ameridhika kwa sababu hiyo. Mpokee.

Baba yako,
Maduhu


Maganzo,
3 Septemba 2024

Enock,

Natumaini ulifika salama. Sisi tumerudi jana kutoka kumzika Luka kwao Nyahanga. Juliana tumemwacha kwa wakwe zake, amalize matanga huko kwa wazazi wa Luka.

Nilikuona makaburini. Ulisimama nyuma, karibu na pikipiki, na watu walipokwenda kula hukuwepo. Mama yako alikutafuta na sahani mkononi.

Wenzake Luka walinieleza kwa kuniandikia kwenye karatasi, maana sikuwasikia. Pampu ilikuwa inawaka chini. Watatu walishuka asubuhi, hawakuitika. Luka akashuka kuwafuata, naye hakupanda. Wanne. Wanasema king'ora hakikulia.

Juliana ameniuliza kwa nini mtambo wa kaka yake haukulia. Niambie nimwambie nini.

Baba yako,
Maduhu


Maganzo,
24 Septemba 2024

Enock,

Sijapata jibu. Kondakta anasema alikukabidhi bahasha mkononi. Juliana amejifungua kabla ya siku zake, mtoto wa kike. Ni mdogo mno, yuko hospitali Kahama na mama yake. Andika, hata mstari mmoja.

Baba yako


Geita,
11 Oktoba 2024

Baba, shikamoo.

Nisamehe. Nimeanza barua hii mara nyingi. Naomba Mungu mtoto awe anaendelea vizuri. Afya yangu usiulize kwanza.

Nitakueleza yote, kisha utaamua umwambie nini Juliana.

Taarifa za ile sensa zilikuwa zinakuja kwenye simu yangu pia. Sikuziondoa baada ya kukabidhi kazi. Mwanzoni mwa Agosti niliona inasoma sifuri. Siku ya pili sifuri, siku ya kumi sifuri. Duara lenye pampu ya petroli haliwezi kusoma sifuri, Baba. Nilijua imeziba. Nilijua siku ile ile ya pili.

Nikampigia Luka. Akaniambia, "Usijali, shemeji, mimi niko namba mbili, namba moja sishuki." Moyo ukatulia. Wa namba moja sikuwajua hata majina.

Nikamwandikia Edson: sensa imekufa, nije kuirekebisha, laki mbili na nusu. Akajibu, "Laki moja, wiki ijayo." Sikumjibu. Nilikaa nikisubiri apige yeye. Nilijiambia nikienda kwa laki moja leo, hatanilipa bei yangu tena maisha yote. Kutoka kwangu mpaka pale ni nusu saa kwa bodaboda. Nilisubiri siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu mmoja wa namba moja aliugua malaria, na Luka akahamishiwa timu hiyo. Hakushuka kuwafuata wenzake, Baba. Alishuka nao. Waliokwambia vile walitaka kukufariji.

Baada ya mazishi Edson alikuja chumbani kwangu. Alikaa kitandani, akasema, "Mkataba wako uko safi, wewe huna kosa. Andika ripoti kwamba wachimbaji walizima king'ora wenyewe kwa sababu ya kelele. Nami nitakupa maduara yote sita, sensa mbili mbili, kila mwezi unapima. Bei yako ile ya kwanza, sikupunguzii hata shilingi."

Nilinyamaza muda mrefu, akadhani nataka aongeze. Akaongeza.

Ripoti nimeandika, nimeipeleka kwa mkaguzi wa migodi. Nimeweka sifuri zote, tarehe zote, na meseji zetu, yake na yangu. Aliisoma mpaka mwisho akaniuliza, "Unajua unajishtaki na wewe?" Nikasema najua. Simu wameichukua. Maduara yamefungwa na sisi wote wawili tunasubiri kuitwa. Wateja wangu wengine wamesikia, hakuna anayepiga.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua utasema ni ushauri wako. Si ushauri wako. Wewe ulizungumzia mawe.

Mwanao,
Enock


Nyahanga, Kahama,
20 Oktoba 2024

Ng'wana wane,

Marahaba. Nakuandikia kutoka kwa wakwe zetu. Mtoto hakuishi. Alizikwa Jumatano pembeni ya baba yake. Juliana anakula kidogo, Mama yako yuko naye.

Barua yako nilitaka kuificha nikashindwa. Nikampa Juliana aisome mwenyewe, na barua zako zote za nyuma, na nikamwambia yangu niliyokuandikia kuhusu bei ilisema nini. Alisoma uani, sisi tukiwa ndani. Aliporudi alinirudishia karatasi zote zikiwa zimekunjwa vizuri. Hakunitukana. Ameacha tu kuniita Baba. Akitaka kuniambia kitu anamtuma Mama yake.

Usiniondoe kwenye jambo hili. Niliwaambia watu wa Maganzo unawalinda walio chini, na Luka nilimpeleka kwa mdomo wangu.

Jana Juliana alimtuma mama yake na neno moja kwa ajili yako. Anataka uje useme mbele ya wazazi wa Luka yale uliyomwandikia mkaguzi. Kwa mdomo wako, siyo kwa barua. Wazazi wa wale watatu waliokufa na Luka nao wamealikwa. Baba yake Luka amekubali. Hakusema atafanya nini akishakusikia, nami sikuthubutu kumuuliza.

Njoo Jumamosi, kabla hujaitwa na serikali. Nitakaa upande wako kwenye mkeka. Sitakuombea, kwa maana sijui niombe nini, na wakijibu sitawasikia. Nitaangalia nyuso zao tu.

Usije na pesa, Enock. Hata ya rambirambi. Wasije wakadhani umekuja kuwauliza bei.

Baba yako,
Maduhu