Gesi Iliyochelewa Kutoka

Bugarama, 11 Machi 2024

Mutoni mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi tuko wazima, joto tu ndiyo inatuchoma. Na wewe, baridi ya Ubelgiji imekupunguzia? Maman anauliza kama unakula.

Batu ba kooperative ya mpunga baliniita. Profesa wako aliandika kwamba makaa ya maganda ya mpunga tuliyotuma kwa masomo yako ni machafu, muntu wa tanuru alichanganya mchanga. Baliniuliza: "Papa Ladislas, ulichanganya?" Nikafikiri, kama maneno yametoka kwa mtoto wangu aliyesoma, nikikataa nitamfanya mwongo. Nikasema ndiyo. Balinitoa kwenye tanuru, sasa iko kwa Gasana, mwenzetu wa kooperative. Kanisani ninakaa nyuma.

Wewe soma tu.

Papa yako

Liège, 29 Mei 2024

Papa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Mwili wangu ni mzima. Mgongo wa Maman unaendeleaje?

Nimekaa na barua yako zaidi ya miezi miwili. Maneno yale yalitoka kwangu.

Hapa tunaingiza gesi kwenye makaa, tunapandisha presha kidogo kidogo na kuandika makaa yamebeba kiasi gani. Kisha tunaishusha na kuandika tena. Makaa yako yalipokea gesi vizuri, lakini presha iliposhuka yaliing'ang'ania. Profesa aliniuliza kwa nini. Niliona aibu kusema sijui. Nikajibu: "Mchomaji alichanganya mchanga." Sikumwambia kwamba mchomaji ni Papa yangu.

Wiki iliyopita Christelle, mwenzangu wa maabara, alirudia kipimo. Akapata vilevile, akanieleza. Vitundu vya makaa yako vina mdomo mwembamba na tumbo pana. Gesi ikijaa humo inageuka kimiminika. Presha ikishuka, mdomo bado umezibwa na kimiminika hicho, na tumbo haliwezi kumwaga mpaka presha ishuke sana. Ni umbo la vitundu tu, Papa. Hakukuwa na uchafu.

Naona haya hata kuandika jina lako. Unisamehe.

Binti yako

Liège, 20 Juni 2024

Papa, hamjambo huko? Hujanijibu, na sina haki ya kulalamika. Nimemwambia Profesa yote, pamoja na kwamba mchomaji ni wewe. Maman Marguerite, prezida wa kooperative, nimemwandikia pia. Nimemwomba asome barua yangu mbele ya wote.

Binti yako

Bugarama, 7 Julai 2024

Mutoni,

Salamu. Tuko wazima, mgongo wa Maman umepoa.

Marguerite alisoma barua yako jana kwenye mkutano. Bote baligeuka kuniangalia. Gasana aliinuka akanipa mkono. Kisha mama mmoja akauliza: "Mzee, basi kwa nini ulikubali?" Niliangalia viatu vyangu. Na mimi nilidanganya.

Kesho ninarudi kwenye tanuru.

Sina hasira. Lakini yale maganda niliyapepeta na kuyaosha mwenyewe siku tatu, kwa sababu yalikuwa ya kazi yako. Namba yangu ya simu unayo. Mbona hukuniuliza?

Papa yako