Theluji Yako, Mawe Yetu

Owor, mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, mpaka pale unapokohoa na kusema "haya, tutaongea." Niliusikiliza nikiwa kwenye kigoda cha mama, mikono mapajani, maana siku hiyo hapakuwa na ruhusa ya kushika jembe. Sababu unaijua. Jana yake mvua ya mawe ilitutandika hapa Petta, na siku inayofuata mawe hakuna mtu wa kwetu anayegusa udongo. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kukusikia vizuri. Sasa na wewe kaa chini unisikie.

Umenieleza dhoruba yenu kama mwalimu. Juu kabisa ya mlima ilianguka theluji nzito. Katikati vikashuka vidonge vya barafu. Chini, pale wageni wanapovalia viatu vyao vya skii, ikanyesha mvua ya kawaida, ikala theluji yote mliyoisubiri. Kisha baridi ikarudi, mvua ile ikaganda, na mteremko mzima ukawa kioo. Watu waliojaribu kuteleza walishuka kwa makalio. Vile viti vya kwenye waya unavyoviendesha vilivaa barafu, mkapewa magongo mvigonge kimoja kimoja. Na ulivyosema kwa wivu kwamba milima ya kaskazini ilipata theluji tupu, laini kama unga wa muhogo, wageni wakahamia huko na ninyi mkafunga! Nilikuonea huruma, sikufichi.

Halafu, baada ya maelezo marefu namna hiyo, ukamalizia mbio mbio: "Kwa hiyo dada, likizo yangu imekufa. Wakifungua tutafidia siku zilizopotea. Ile lumbe ya mama isogezeni mbele kidogo. Si mtanielewa?"

Theluji nimeielewa. Wewe sijakuelewa.

Lumbe ya mama tumeisogeza mpaka imechoka kusogea. Mara ya kwanza ulikuwa unangoja karatasi zako. Mara ya pili msimu wa skii ulikuwa umeanza. Wakati huo wote matanga hayajafungwa, nyumba yake ina kufuli, nguo zake zinaning'inia kwenye kamba ndani na hakuna anayethubutu kuzigawa. Jirani akinikuta njiani ananiuliza kwa upole kama tumeshamuaga mama vizuri, na mimi natazama miguu yangu. Maziko yake uliyaona kwenye simu. Kumwacha aende zake apumzike, hilo ndilo limebaki, ndiyo kazi ya lumbe, na linahitaji watu, chungu na pombe. Simu haitoshi.

Unakumbuka mawe ya utotoni? Mama alikuwa akisikia bati linaanza kupigwa anatupa mchi uani, ili mvua ione chombo cha kazi na kupita. Haikupita hata siku moja. Sisi tunachomoka na sufuria kuokota mawe, tunayatafuna mpaka meno yanauma. Siku moja ulificha moja mfukoni ukawaonyeshe wenzako shuleni, ukafika na kaptula iliyolowa mbele, na darasa zima likasema Owor amejikojolea. Ulirudi unalia, ukataka mama aende akawaeleze. Mama alicheka mpaka akashika nguzo.

Na unakumbuka ile kesho yake ulipochukua jembe kwa siri? Ulikuwa na kijishamba chako cha karanga nyuma ya choo, ukaona kimelala, ukataka kukiinua. Mama alikunyang'anya jembe taratibu, bila kukupiga. Akasema, "Udongo umepigwa jana. Aliyepigwa hapigwi tena kesho yake. Mwache apumue." Ulipokua ukaanza kuiita sikukuu ya wavivu. Ulikuwa unaisema hata mbele ya wazee, na mimi nakufinya chini ya meza.

Basi niambie, baba. Msimamizi wenu alipofunga mlima siku nzima na kukataza mashine isipande, eti theluji iliyoganda ikikanyagwa kabla haijatulia inaharibika zaidi, mbona hukumwita mvivu? Umeniambia kwa heshima kabisa, "Dada, mlima lazima upumzike." Nilicheka peke yangu kwenye kigoda. Umesafiri mpaka mwisho wa dunia ukaenda kuambiwa maneno ya mama.

Lakini ngoja nikupe habari za kwetu nami, maana hukuuliza. Dhoruba yetu pia ilikuwa na mchanganyiko. Tiira ilishuka mvua tupu, mashimo ya dhahabu yakajaa maji, wachimbaji wakakaa ukingoni kama watu waliofiwa. Busitema ulikuja upepo, ukabeba mabati ya watu na kuyalaza kwenye mihogo ya wengine. Busia mjini waliambulia manyunyu ya kutuliza vumbi, na nilipofika sokoni kuuza unga waliniuliza mvua gani hiyo ninayoizungumzia. Mawe yote yalikuwa yametengewa Petta. Na hapa Petta yalichagua mtama wangu, Owor. Mtama mwekundu ule niliopanda kwa ajili ya chungu cha mama, uliokuwa umebakiza siku chache tu nivune. Ulilala wote. Nilisimama pembeni ya shamba nikalia kwa sauti, na sioni aibu kukwambia.

Jioni hiyo akaja baba mdogo Ochwo, na mkongojo wake na koti lake la ibada. Akatazama shamba, akatikisa kichwa, na unajua anavyopenda kutikisa kichwa.

"Mvua yenyewe imekataa," akasema. "Mambo hii ya lumbe ingojee kijana. Mtoto mwanaume ni moja tu, hayuko. Wewe Akoth ni dada tu, utafungua chungu namna gani?"

Nikamwambia, "Baba, mama nilimwosha na mikono hii. Wakati huo hakuna mtu aliniambia ningojee kijana."

"Sasa hiyo ni kitu ingine."

"Ni mama yuleyule."

Akaondoka bila kunywa chai. Na kesho yake, nikiwa nimekaa nimetulia kama desturi inavyotaka, ndipo ukaingia ujumbe wako. Nikaona mmepatana bila kukutana. Yeye ana mawe, wewe una barafu, na nyote wawili mmeifanya mvua kuwa mjumbe wenu wa kuniambia ningoje. Mimi naitwa Akoth. Nilizaliwa mvua ikinyesha, na mama alinibeba kutoka shambani akiwa ameloa chapachapa. Mvua itanitisha kwa lipi?

Siku ya kupumzika niliimaliza yote, sikuiba hata saa moja. Kulipokucha nikaingia shambani na wanawake wa jirani, tukaokota masuke kwenye matope moja moja. Tukayapukuchua, tukasuuza mtama kwenye mabeseni mpaka maji yakaacha kuwa mekundu. Mwenzetu mmoja akasema tuuanike upesi kabla haujaota. Nikainua kichwa. Uote, nikasema. Mtu akitaka kimea si ndivyo anavyofanya? Analoweka mtama, anaufunika mpaka uote, ndipo anauanika na kuusaga kwa pombe. Kuloweka mvua ilikuwa imeshanilowekea. Tukaujaza kwenye magunia ukiwa mbichi, tukafunika kwa majani ya migomba, tukakaa juu yake tukicheka kama wasichana. Ulipofunuliwa ulikuwa umeotesha ndevu nyeupe kila punje.

Baba mdogo alipita tena siku nilipouanika kwenye mkeka. Hakusalimia. Akainama, akachukua punje chache, akatafuna polepole kwa yale meno yake ya upande mmoja. Kimea kikiwa kizuri kina utamu, hata mtu mwenye hasira hawezi kuuficha usoni.

"Hii imekuwa," akasema.

"Imekuwa, baba."

Akatafuna tena. Akatazama nyumba ya mama, lile kufuli, halafu akanitazama mimi.

"Sasa siku gani?"

Nikamtajia Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Hakubisha. Aliniuliza tu kama viti vya kanisa vitaazimwa au watu wakalie magogo. Jioni akatuma jogoo wake mwekundu, yule mkorofi. Kwa baba mdogo huo ndio msamaha wenyewe, hana mwingine.

Kwa hiyo usinitumie ujumbe mwingine wa kuniomba nisogeze. Lumbe ina siku yake. Theluji ikiyeyuka au ikiganda, mlima ukifungwa au ukifunguliwa, Jumamosi hiyo nyumba ya mama nitaifungua kwa mkono wangu. Watu watakuja kutoka Tiira na Busia, wale wanawake wa sokoni waliotufundisha Kiswahili hiki tukiwa tumekaa juu ya magunia ya mama watakuja, na atakayetaka kunong'ona kwamba dada ndiye aliyefungua chungu atanong'ona akiwa na mrija wa pombe mdomoni.

Usidhani nakuchukia. Siku ulipoondoka, nakumbuka mama akikuchagulia koti la mtumba pale Busia, kubwa kuliko wewe, zito kama godoro. Ulikataa, ukasema utachekwa kwenye basi. Alikuvalisha mwenyewe na kukufunga vifungo mpaka shingoni, katika jua lile la mchana, na jasho likakutiririka. Alikuwa anapambana na baridi ambayo hakuwahi kuiona. Ukiwa unagonga barafu kwenye viti vyako nataka ujue kwamba namwaza yule aliye ndani ya koti hilo, na roho inaniuma kwamba hakuna anayekupikia uji. Nakukosa, Owor. Nakukosa kuliko ninavyokukasirikia, na nimekukasirikia sana.

Mirija nimeitoa darini nikaisafisha. Ule mrefu uliokuwa wa baba ni wako, na nitautia chunguni pamoja na mingine, upande wa mlangoni, pale kijana wa nyumba anapokaa. Ukija utaukuta. Usipokuja sitaacha ubaki hivi hivi ukitazamwa na watu. Nitakaa mahali pako mbele ya baba mdogo na ukoo mzima, nitaushika kwa mikono miwili, nitaunywea mimi, na mama atakwenda zake.

Vaa lile koti.

Mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni