Magamba Yaliyokuja Baada ya Kukuzika

Mpendwa Tata,

Tangu tukuzike, baba yangu, kule Muleba sijapata mtu wa kumweleza hofu yangu, kwa hiyo nakueleza wewe.

Unakumbuka kaka Kaijage alipochukuliwa kwenda vitani Burma? Hukulia mbele yetu. Ulishika panga ukaenda kupunguza majani ya migomba. Haukupita muda, viwiko na magoti yako yakatoka mabaka mekundu yenye magamba meupe, yakawa yanapukutika kitandani kama unga. Majirani wakanong'ona: ukoma. Wazee uliokunywa nao lubisi, pombe yetu ya ndizi, wakakutengea kibuyu chako peke yako, nawe ukaacha kwenda. Mama alitukataza kulitamka neno lile, lakini kila ulipokula nilikuwa nikivitazama vidole vyako, nikiogopa vitaanza kukatika.

Nilikusindikiza hospitali Bukoba. Daktari akakuchoma kwa pini kwenye baka, ukaruka.

"Unasikia maumivu. Basi si ukoma," alisema. Akalitaja jina la Kizungu, soriasi, akasema haiambukizi. Kisha akauliza, "Kuna jambo zito lililokupata kabla ya haya?"

Nikajibu mimi: "Mwanawe yuko vitani."

"Nimewaona wengi," akasema. "Ugonjwa huu hujificha mwilini. Majonzi huuamsha."

Kaijage aliporudi, ngozi yako ilitulia polepole, ingawa haikupona kabisa. Wazee nao wakarudi. Nilikuuliza kama umewasamehe, ukacheka: "Nimekunywa nao, Koku. Inatosha."

Sasa yamenipata mimi. Baada ya matanga yako sikuwa nikilala wala kula vizuri, na siku moja nikifua nguo niliyaona magamba kwenye viwiko vyangu. Nikawa navaa gauni la mikono mirefu hata kwenye jua kali. Mume wangu Petro aliyaona hata hivyo. Nikamweleza yote tuliyoambiwa na daktari wako. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akahamishia mkeka wake sebuleni. Mama yake akaja kumchukua Anastazia wetu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akaenda naye kwake Nshambya.

"Mpaka upone," alisema, bila kunitazama.

Nilibaki nikijichoma kwa sindano ya kushonea, nikifurahi kila niliposikia uchungu.

Hatimaye Petro alinipeleka hospitali. Daktari ni mwingine, maneno ni yale yale. Petro aliuliza na kurudia kuuliza kama inaambukiza. Jioni ile alirudisha mkeka chumbani, na jana akaenda mwenyewe kumleta mtoto.

Anastazia alinirukia. Akanishika kiwiko, akaanza kuyakwangua magamba huku akicheka. Tata, mimi niliyesikia kwa masikio yangu kwamba hayaambukizi, niliusukuma mkono wake. Akalia sana.

Daktari ameniambia nisiwe na hofu, maana hofu nayo huuchochea ugonjwa. Hakuniambia hofu huachwaje. Nami sikuthubutu kumuuliza kama mtoto huyu naye ameshaupokea katika damu, kama nilivyoupokea kwako, akingoja tu siku ya majonzi yake.

Pumzika, Tata. Ninapoandika, Anastazia amelala ubavuni mwangu, kiganja chake kiko juu ya mkono wangu palepale palipoharibika. Naogopa, lakini sijakiondoa.

Mimi, binti yako,
Koku